Umeegemea Nini kwa Fundi wa Pancha?

Hebu niambie, ukienda kuweka upepo kwa tairi huwa unasimama wapi? Mimi nilikuwa naegemea tanki la kompresa. Jua la Rhamu unalijua, na kwa fundi wangu wa pancha kivuli kiko hapo tu. Tanki lenyewe limepakwa rangi mpya ya samawati, linang'aa. Nani angeshuku?

Shida haiko nje. Kompresa ikifyonza hewa na kuibana, unyevu uliomo hugeuka maji na kutuama chini ya tanki. Koki ya chini isipofunguliwa yamwagike, kutu inakula chuma kutoka ndani, polepole. Siku kikichoka, si lazima kianze kwa kuvuja. Kinaweza kupasuka.

Sasa utajuaje chuma kilichobaki bila kukata tanki? Unapima kwa sauti. Ni ndugu wa ile ultrasaundi ya akina mama wajawazito, hata jeli inapakwa vilevile, maana hewa kidogo tu hapo katikati inazuia sauti kupenya. Mabomba ya mafuta viwandani hupimwa hivyo hivyo. Kifaa kinatuma mlio wa kama megahezi 5. Sikio lako linaishia kilohezi 20, kwa hivyo usijisumbue kulitega. Mlio unapenya chuma, unagonga upande wa ndani, unarudi. Humo sauti hukimbia karibu mita 5,900 kwa sekunde. Ikirudi baada ya sehemu mbili za milioni za sekunde, chuma kina kama milimita 6. Ikirudi baada ya sehemu moja, zimebaki 3.

Mashine hiyo niliishika mara moja tu, chuoni, kabla karo haijanishinda. Ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipenda.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka matanki ya hewa yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Haya, nenda umweleze hivyo fundi aliyenunua lake mtumba Nairobi, likaja huku juu ya lori.

Nilimuuliza wangu mara ya mwisho alimwaga maji lini. Akacheka. Kisha akazima kompresa, akapunguza upepo, akainama kufungua koki. Ilikuwa imekaza, ikabidi achukue spana. Yaliyotoka yalikuwa mekundu, mazito kama uji.

Hakusema kitu. Alichukua stuli yake akaipeleka nyuma ya ukuta wa duka, nami nikamfuata, tairi ikiwa bado nusu.