Mpira Ukinoga, Usisahau Kuangalia Jina

Unakumbuka Agosti 10, 2025? Harambee Stars waliilaza Morocco 1-0 pale Kasarani kwenye CHAN, bao la Ryan Ogam, na kipindi cha pili tukacheza tukiwa wachezaji kumi. Magrupu ya WhatsApp yalikuwa moto: wa TV wanashangilia bao, wa simu bado wanangoja picha ifike.

Kelele kama hizo ndizo tapeli anazipenda. "Wasee, dikoda inakatika, tumeni mia mbili mbili kwa hii namba mpya." Jina na picha ni za rafiki yako, lakini huenda akaunti yake imedukuliwa. Na kwa vile hutaki kukosa penalti, unatuma haraka bila kuuliza.

Kabla ya kutuma, fanya hivi:

1. Mpigie rafiki yako umsikie sauti. Usimuulize kwenye grupu, kwa sababu anayejibu huko anaweza kuwa ni tapeli mwenyewe.
2. Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Si lake? Ghairi.
3. Anayelipia dikoda alipe moja kwa moja kwa paybill, akihakikisha namba ya kadi tarakimu kwa tarakimu.
4. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Anayekuomba PIN ni mwizi, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Umeshatuma kimakosa? Tujulishe hapo hapo. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Bao utaonyeshwa tena mapumziko. Chukua hiyo dakika moja upige simu.