Si Kila Rovu ni Saratani

Katika familia zetu wapo akina mama na bibi walioishi na rovu miaka mingi. Kwa kuwa haliumi, huzoeleka. Wengine huogopa kupimwa wasije wakaambiwa ni saratani. Kuzoea na kuogopa, yote mawili huchelewesha tiba.

Rovu ni kuvimba kwa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Tezi hii hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza kazi za mwili. Marovu mengi huletwa na upungufu wa madini hayo. Hata vinundu vinavyoota ndani ya tezi, takriban 90 kati ya 100 si saratani.

Saratani ya tezi hii huwapata zaidi wanawake. Aina zake kuu ni nne:

1. Papilari: ndiyo ya kawaida kuliko zote. Hukua polepole, huenea kwenye matezi ya shingo, na wengi hupona.

2. Folikula: huonekana zaidi penye upungufu wa madini joto. Huweza kufika mapafuni na kwenye mifupa. Ikiwahiwa hutibika vizuri.

3. Medula: ni chache. Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 huwa ameirithi, hivyo ndugu zake wa damu nao wapimwe.

4. Anaplastiki: ni adimu lakini kali mno. Huwapata wazee, mara nyingine wenye rovu la siku nyingi ambalo ghafla huanza kukua upesi.

Nenda hospitali bila kukawia ukiona kinundu kigumu kinachokua, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, shida ya kumeza au kupumua, au matezi ya shingo yasiyopungua. Daktari atapima kwa ultrasaundi, na huenda akafyonza chembe chache kwa sindano nyembamba.

Tiba kubwa ni upasuaji. Wagonjwa wa aina mbili za kwanza huweza kuongezewa iodini yenye mionzi. Aliyeondolewa tezi yote humeza vidonge vya homoni kila siku, maisha yake yote. Asiviache kwa kujiona amepona.

Nyumbani, tumieni chumvi yenye madini joto, kuzuia rovu. Na yule bibi mwenye rovu la miaka mingi, mwulizeni leo: je, limebadilika?