Neno la Fundi Katika Safari za Anga

Wako watu, na sisi tu miongoni mwao, ambao tangu utoto hawajaacha kuzifuata habari za anga kwa shauku. Roketi inaponguruma twafurahi pamoja na waliyoiunda, wawe Warusi, Wamarekani au Wachina, kwani katika jambo hili hatuna kambi. Lakini mwenye kukipenda kitu yampasa kukitazama kwa macho makavu. Tangu tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin alipoizunguka dunia kwa muda wa dakika 108, mamia ya watu wamekwenda angani na kurudi kwa watoto wao. Wako pia wasiorudi. Ni juu ya hao wasiorudi tunapenda kusema leo.

Wengi hujibu upesi kwamba anga ni hatari, na aendaye huko ameitoa roho yake mwenyewe. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini linawastarehesha mno wakubwa wa kazi. Mtu akizisoma taarifa za tume zilizochunguza ajali hizi ataona jambo la kuhuzunisha: mara nyingi alikuwapo aliyejua mapema. Na huyo aliyejua hakuwa mwenye kiti kikubwa, alikuwa fundi.

Tuchukue habari ya chombo Challenger. Roketi zake mbili za kunyanyulia ziliundwa vipande vipande, na maungio yake yalizibwa kwa pete za mpira ili moto usitoke ubavuni. Mhandisi Roger Boisjoly wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyozitengeneza roketi hizo, aliona kwamba mpira ule ukipata baridi hukakamaa na kuchelewa kuziba. Mwezi wa Julai 1985 aliwaandikia wakubwa wake barua na kuwaonya kwamba jambo hilo lisiposhughulikiwa watu watakufa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, baridi kali ilipoingia Florida, yeye na wenzake walizungumza kwa simu na maofisa wa NASA wakashauri chombo kisiruke mpaka joto lifike kama digrii 12. Maofisa hawakupendezwa. Wakubwa wa kampuni wakaomba nafasi ya kushauriana peke yao, na katika mashauri hayo mkuu wa wahandisi, Robert Lund, akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae kofia ya umeneja. Akaivaa. Allan McDonald, aliyeiwakilisha kampuni kule kituoni, alikataa kutia sahihi yake. Mkubwa mwingine akaitia badala yake. Asubuhi chombo kikaruka katika joto la digrii 2 hivi, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Watu saba wakafa, na mmoja wao, Christa McAuliffe, alikuwa mwalimu wa shule.

Katika habari hii yote hakuna fumbo la maumbile lililomshinda binadamu. Elimu ilikuwapo, nayo ilisemwa kwa sauti. Lililokosekana ni utaratibu unaompa mwenye elimu nguvu ya kuizuia kazi pale mwenye amri anapokuwa na haraka. Tena wafanyakazi watazame yaliyofuata. McDonald alipoieleza tume ukweli, kampuni ilimshusha cheo, na ilibidi Bunge la Marekani liingilie kati ndipo akapewa kazi ya kusimamia maungio mapya. Boisjoly naye alitengwa na wenzake, akaiacha kazi. Hayo ndiyo malipo aliyoyapata fundi kwa kusema kweli, tena katika nchi inayojisifu kwa uhuru wa kusema.

Mtaalamu Richard Feynman, aliyekuwa mjumbe wa tume ile, alipouliza hatari ya kupotea kwa chombo ni kiasi gani, wahandisi walimjibu kuwa ni kama safari moja katika 100. Wakubwa walisema moja katika 100,000. Vyombo vya namna ile vilipostaafishwa mwaka 2011 vilikuwa vimeruka mara 135, na viwili vimepotea, yaani kimoja katika kila safari 67 hivi. Hata wahandisi, kumbe, walikuwa na matumaini kupita kiasi. Lakini wakubwa walikuwa wakiota.

Chombo cha pili kilichopotea ni Columbia. Tarehe 16 Januari 2003 kipande cha povu gumu kilibanduka katika tangi wakati wa kuruka, kikalipiga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha kingali angani ili waone kama bawa limetoboka, ombi halikupita. Tarehe 1 Februari wanaanga saba walikufa juu ya Texas wakirejea nyumbani. Tume iliyochunguza haikulilaumu povu peke yake. Ilisema kwamba desturi za kazi ndani ya NASA zilichangia ajali ile sawasawa na povu lenyewe.

Wala wasidhani wasomaji kwamba upande wa pili ulikuwa na mikono safi. Tarehe 23 Machi 1961, siku chache kabla ya safari ya Gagarin, kijana Valentin Bondarenko aliungua akafa akiwa katika mazoezi, ndani ya chumba kilichojaa oksijeni nyingi. Serikali ya Kisovieti iliificha habari hiyo, na magazeti yao hayakuitangaza mpaka mwaka 1986. Tarehe 27 Januari 1967 Wamarekani Grissom, White na Chaffee waliungua chini hapa hapa duniani, katika majaribio ya chombo cha Apollo kilichojazwa oksijeni tupu, chenye mlango unaofunguka kwa ndani. Hatuwezi kuapa kwamba habari za Bondarenko zingewaokoa, lakini tunasema kwamba kuificha ajali ni kumnyima fundi wa nchi nyingine onyo lake. Miezi mitatu baadaye Vladimir Komarov alikufa mwavuli wa Soyuz 1 ulipokataa kufunguka. Mwaka 1971 watatu wa Soyuz 11 walikufa kwa kukosa hewa kwa sababu vali moja ilifunguka, nao hawakuvaa mavazi ya kuwahifadhi, maana chombo kilibanwa watu watatu pasipo nafasi ya mavazi hayo.

Jambo hili halikutupita mbali. Kisiwani Unguja kilikuwapo kituo cha Wamarekani cha kuwasikiliza wanaanga, kilichofungwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyopokea sauti yake. Katika safari ile ile ishara moja iliwaonyesha wakubwa wa chini kwamba ngao yake ya joto huenda imelegea, nao wakamficha kwa muda mrefu, wakimpa maagizo bila ya sababu. Ishara ilikuwa ya uongo, na Glenn akatua salama. Lakini hakuificha rai yake kwamba rubani ni lazima aambiwe.

Je, yako mabadiliko? Yako. Mwezi wa Novemba 2025 Wachina walipoona ufa katika dirisha la chombo Shenzhou-20 waliwarudisha watu wao kwa chombo kingine, wakatuma kipya kitupu kuwahudumia waliobaki. Na mwaka 2024 chombo Starliner cha kampuni ya Boeing kilipovuja heliamu na injini zake ndogo kusitasita, NASA iliamua kirudi bila ya watu, ingawa kampuni ilishikilia kwamba kinafaa. Barry Wilmore na Sunita Williams, waliokwenda kwa siku nane hivi, walikaa angani miezi tisa mpaka Machi 2025, na watu wakawafanyia mzaha.

Starliner ilitua salama mwezi wa Septemba 2024, tupu. Wapo waliosema hapo kwamba kumbe wangepanda tu. Sisi hatukubaliani nao. Challenger nayo ilikuwa imeruka mara tisa na kurudi salama kabla ya asubuhi ile ya Januari 1986.