28 Weeks Later: Huruma Inapobeba Ugonjwa

Watu wachache wamejificha katika nyumba ya shambani nchini Uingereza. Wameziba madirisha, wanakula kwa mwanga wa mishumaa ingawa nje ni mchana. Mtoto anagonga mlango akilia aokolewe. Wanamfungulia, na waliokuwa wakimfukuza wanafika nyuma yake. Muda si mrefu Don, anayeigizwa na Robert Carlyle, anajikuta upande mmoja wa chumba cha ghorofani. Mkewe Alice yuko upande wa pili pamoja na yule mtoto, na katikati yao wameingia walioambukizwa. Don anaufunga mlango, anaruka dirishani na kutimua mbio. Akigeuka anamwona mkewe akigonga kioo, lakini hasimami mpaka afike kwenye boti mtoni.

Ninaposoma miswada ya filamu za kutisha, mara nyingi hofu huletwa na kitu kinachochomoza gizani. Hapa inaletwa na uamuzi. Mtazamaji anamlaani Don, kisha anajiuliza angefanya nini yeye. Sijaona filamu nyingi za aina hii zilizofungua vizuri kiasi hicho.

28 Weeks Later ilitoka mwaka 2007 ikiwa mwendelezo wa 28 Days Later ya mwaka 2002. Danny Boyle aliyeongoza ya kwanza na Alex Garland aliyeiandika walibaki kama wazalishaji watendaji, na uongozaji akakabidhiwa Mhispania Juan Carlos Fresnadillo. Mzigo wake haukuwa mwepesi. Filamu ya kwanza ilishangaza watu kwa kuonesha London tupu, katika picha zenye chengachenga za kamera ndogo ya dijitali. Mshangao huo haurudiwi. Fresnadillo na waandishi wenzake wakachagua swali jingine: watu wakirudi kuishi mahali palipoteketea, wanarudi na nini?

Walifanya vizuri kuheshimu kanuni walizozirithi. Walioambukizwa katika filamu hizi si maiti waliofufuka. Ni watu hai waliopata kirusi cha ghadhabu kupitia damu au mate, na hubadilika ndani ya sekunde chache. Kwa kuwa hawajui tena kujitafutia chakula, njaa huwaua. Maandishi ya mwanzo yanaeleza kwamba kufikia wiki ya 5 wote wamekufa, wiki ya 11 majeshi ya NATO yakiongozwa na Marekani yanaingia London, na wiki ya 24 ujenzi mpya unaanza. Wakimbizi wanawekwa Isle of Dogs, kipande cha ardhi ambacho mto Thames unakizunguka pande tatu. Kwa karantini, ni chaguo linaloingia akilini. Na mwaka 2007, vita vya Iraq vikiendelea, askari wa Kimarekani waliowalinda raia huku wakiwachungulia kwa darubini za bunduki walieleweka bila mhusika yeyote kuitaja Baghdad.

Sayansi yake pia ina mashiko. Watoto wa Don, Tammy na Andy, wanatoroka kwenda nyumbani kwao na kumkuta mama yao yu hai. Aling'atwa, ana kirusi mwilini, lakini haugui. Wabebaji wa namna hiyo wapo. Mary Mallon, mpishi wa New York, aliambukiza watu homa ya matumbo bila yeye kuonesha dalili, na akatengwa kuanzia 1907 hadi 1910, kisha tena kuanzia 1915 hadi alipofariki 1938. Alice ni Mallon wa kirusi kikali zaidi. Don anaingia chumba alikofungiwa, anamwomba msamaha, anambusu. Mate yanatosha. Toba na maambukizi vinatokea katika tendo moja, na mwanamume aliyemtelekeza mkewe sasa anamuua kwa mikono yake.

Hapo ndipo penye wazo kuu la filamu, na ni wazo zito: kila hatua ya ugonjwa inafunguliwa na wema. Wanamfungulia mtoto mlango. Watoto wanamtamani mama. Mume anataka kusamehewa. Amri ya kumpiga risasi kila raia inapotolewa, mdunguzi Doyle, yaani Jeremy Renner, anamwona Andy kwenye darubini yake, anashindwa kufyatua na kuacha lindo. Jeshi linatenda ukatili usiovumilika, likiichoma Isle of Dogs kwa mabomu, na bado hesabu za filamu zinaelekea kulipa haki. Tunawashangilia wanaookoa watoto huku tukijua wanabeba nini.

Tena filamu haimlindi mtu. Watazamaji tuliozoea kwamba steringi hafi tunamwona Doyle akiteketea kwa moto alipokuwa akilisukuma gari ili wenzake waondoke.

Hata hivyo, kinachoniudhi ni jinsi filamu yenyewe inavyolihujumu wazo lake la wema unaofungulia ugonjwa. Dosari ndogo ni za kiusalama. Mgonjwa hatari kuliko wote duniani analala bila mlinzi mlangoni, na kadi ya Don, kama msimamizi wa majengo, inafungua kila mlango. Onesho la helikopta ikifyeka walioambukizwa kwa mapanga yake linaonekana limetoka filamu nyingine. Kamera ya mkononi inatikisika kupita kiasi. Inafaa pale raia waliofungiwa gizani wanapokanyagana, lakini baadaye inatuficha tu nani yuko wapi.

Dosari kubwa ni Don. Akishaambukizwa alipaswa kuwa mmoja wa kundi. Badala yake anawatokea wanawe mara kwa mara, anawafuata hadi kwenye njia za treni ya chini ya ardhi, na huko anamuua Scarlet, daktari anayewasindikiza, kwa kumponda na bunduki. Wapo wanaomtetea kwamba huenda amebaki na kumbukumbu. Lingekuwa jambo la kuvutia kama lingeandaliwa, lakini hakuna tukio linalotuambia kirusi kimebadilika. Amefanywa adui kwa sababu waandishi walihitaji adui. Na tukishampata wa kumchukia, lile swali la dirishani linalegea, kwa maana lawama imepata pa kutua.

Mwisho wake nao umeharakishwa. Andy ameng'atwa na baba yake, sasa ni mbebaji kama mama yake, na Tammy analijua hilo. Rubani Flynn, ambaye awali alikataa katakata kubeba raia, anawakuta Wembley na kukubali kwa maneno machache. Siku 28 baadaye walioambukizwa wanakimbilia mnara wa Eiffel. Boyle na Garland waliporudi na 28 Years Later mwaka 2025, walieleza kwa maandishi tu kwamba kirusi kilifukuzwa kutoka bara la Ulaya. Walaumiwe kwa kuufuta mwisho huo ukipenda, lakini ulikuwa rahisi kufutika. Kimya cha Tammy ndani ya helikopta kilistahili muda uleule aliopewa baba yake dirishani, na Fresnadillo hakumpa.