Malale: Kimelea kinachobadili chakula kila kinapohama mwenyeji

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MJI wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya uwanda huo na nyika zake zenye miti michache haziwafai mbung'o, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowawezesha Wafipa kufuga ng'ombe huko kwa vizazi vingi.

Hali ni tofauti kwa mfugaji au mrina asali anayetoka uwandani na kuingia katika mapori ya miombo, kama yale ya Katavi yaliyo upande wa kaskazini. Humo mbung'o wapo, na baadhi yao hubeba kimelea cha malale, ugonjwa ambao usipotibiwa huua.

Kimelea hicho, kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, kilitambuliwa mwaka 1910 na wanasayansi wa Uingereza, Stephens na Fantham, katika damu ya mgonjwa aliyekuwa ametoka bonde la Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia, jirani wa Mkoa wa Rukwa. Miaka miwili baadaye ilithibitishwa kuwa mbung'o ndiye anayekieneza.

Swali lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu ni hili: inakuwaje kiumbe cha chembe moja tu kiweze kuishi katika damu ya moto ya binadamu au ng'ombe, kisha kiishi pia katika tumbo la mdudu?

Jibu limo katika chakula. Ndani ya damu ya binadamu sukari aina ya glukosi haikosekani, kwa kuwa mwili wenyewe huitunza katika kiwango maalumu usiku na mchana. Kimelea huitumia sukari hiyo kwa pupa. Huivunja nusu tu, hujipatia nguvu kidogo katika kila chembe ya sukari, na mabaki hukitoka yakarudi katika damu. Ni ubadhirifu, lakini kwa mgeni aliyekaa ghalani hauna hasara.

Kazi hiyo hufanyika katika vijifuko vidogo viitwavyo glaikosomu, vilivyogunduliwa mwaka 1977 na Opperdoes na Borst. Wakati huo mitokondria, ambayo kwa viumbe wengi ndiyo jiko la kuzalishia nguvu, hunywea na kufanya kazi kidogo sana.

Katika tumbo la mbung'o mambo hugeuka. Mdudu huyo hula damu peke yake, na sukari iliyomo huisha upesi baada ya mlo. Nguvu za kurukia huzipata hasa kutoka kwa asidi amino iitwayo prolini. Kimelea nacho hufuata chakula cha mwenyeji wake mpya: hugeukia prolini, na mitokondria yake hupanuka na kufanya kazi kikamilifu.

La kushangaza zaidi ni kwamba maandalizi huanza kabla ya safari. Vimelea vinapokuwa vingi katika damu, baadhi huacha kugawanyika, hubadilika kutoka umbo jembamba na refu kuwa vifupi na vinene, na kuanza kuamsha mitokondria. Hao ndio hasa wanaoweza kustawi mbung'o anapowanyonya. Wanaobaki bila kunyonywa hufa.

Hata hivyo, tofauti hizo kati ya kimelea na binadamu zimekuwa pia mlango wa tiba. Kwa miongo mingi mgonjwa ambaye kimelea kimefika katika ubongo wake alitibiwa kwa melasopro, sindano yenye aseniki iliyogunduliwa katika miaka ya 1940, ambayo yenyewe iliweza kumuua mgonjwa.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Dawa hiyo huamshwa na kimeng'enya ambacho kimelea kinacho na mwili wa binadamu hauna. Kwa maneno mengine, kimelea hujiandalia sumu chenyewe.

Wagonjwa wa malale ya aina hii sasa ni wachache, na huo ndio mtego. Dalili za mwanzo ni homa, kuumwa kichwa na viungo, ambazo wengi huzidhania kuwa malaria. Aidha, wanyamapori na ng'ombe wanaweza kukaa na kimelea bila kuonekana wagonjwa, hivyo hakuna anayeweza kusema kimetoweka.

Kwa aliyetoka porini na kuumwa na mbung'o, homa isiyosikia dawa ya malaria ni sababu ya kurudi hospitali mapema, kueleza alikotoka na kuomba damu yake ipimwe kwa hadubini. Malale ya aina hii hayangoji: huweza kufika ubongoni katika majuma machache tu.