Mazoezi ya Fikra kwa Mkono Uliopooza



Mwenzetu akipatwa na kiharusi, ugonjwa hauko mkononi. Uko kwenye ubongo unaouamuru mkono. Ndiyo maana kuna mazoezi ya fikra. Mgonjwa hukaa mahali patulivu, hufumba macho, akawaza mkono wake mwenyewe unanyoosha vidole, unashika kikombe, unakileta mdomoni pole pole. Ausikie na uzito wake. Si kujitazama kama mtu aliye sinema. Sehemu nyingi za ubongo zinazoendesha mkono huamka hata hapo, mkono ukiwa umelala.

Huko Marekani, mwaka 2007 Stephen Page na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 32 wa kiharusi cha siku nyingi. Wote walifanyishwa mazoezi ya mkono. Walioongezewa ya fikra walipata nafuu zaidi. Lakini Uingereza, mwaka 2011, wagonjwa 121 walipimwa, na fikra zilizofanywa kando, bila kufungamana na mazoezi ya mkono, hazikuleta faida.

Kwa hiyo asije meneja wala msimamizi akamwambia mgonjwa abaki nyumbani awaze tu. Kwanza apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na fikra ziwe nyongeza jioni akirudi.