Kwa nini si "teached"? Somo nililolipata Chepseon



Likizo iliyopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Chepseon, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, kumtazama dada yangu ambaye mumewe ana duka huko. Nchi ya majani chai ina baridi, wallahi. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili.

Nilimkuta mpwa wangu wa miaka 13 amekichukia Kiingereza. Mamake akanieleza: siku moja darasani alisimama akasema "The teacher teached us", wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo hainui mkono, hata jibu akilijua.

"Mjomba," akaniuliza, "kama 'walk' ni 'walked' na 'wash' ni 'washed', mbona 'teach' isiwe 'teached'?"

Kabla sijamjibu, mama jirani, Mkipsigis mwenye roho nzuri, akamwita mdogo wake kutoka uani: "Kuja ukule!" Mpwa wangu akacheka kichinichini. Nikamwambia, "Wacheka nini? Wewe na yeye mmefanya jambo moja."

Hebu tazama. Ukimwamrisha mtu kula, wasema "kula!" Kunywa, "kunywa!" Basi kwa kanuni hiyo, kuja ni "kuja!" Lakini sisi wa pwani twasema "njoo". Vivyo hivyo twasema "nenda" na "lete", wala hakuna anayeuliza kwa nini. Mama jirani amefuata kanuni. Mtoto aliyesema "teached" naye amefuata kanuni. Hakuna aliyekosa akili hapo. Kila mmoja amekutana na neno lililokataa kufuata mkumbo.

Kiingereza kina vitenzi vya aina mbili. Vya kawaida huongezwa "-ed" kuonyesha wakati uliopita: play, played, cook, cooked. Angalia matamshi tu: "cooked" husikika kama "kukt", silabi moja. Silabi huongezeka pale kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed".

Visivyo vya kawaida havina "-ed" hiyo, na vinavyotumika sana havifiki 200. Navyo vina koo zake. Kuna visivyobadilika kabisa: cut, put, shut. Kuna ukoo wa teach, taught, buy, bought, bring, brought, think, thought. Kuna vinavyobadili irabu mara mbili: drink, drank, drunk, sing, sang, sung, swim, swam, swum. Na kuna write, wrote, written. Speak, spoke, spoken. Break, broke, broken.

Umbo la tatu ndilo linalotuangusha hata sisi watu wazima. Hilo ndilo linalokwenda na "have": "I wrote yesterday", lakini "I have written". Mimi na diploma yangu niliwahi kuandika "I have went" katika barua ya kuomba kazi. Kazi sikuipata, na barua ile nikiikumbuka hadi leo naona haya.

Ukaidi huu umetoka wapi? Vingi ni vitenzi vya kale, vya enzi ambazo Waingereza walibadili irabu ya ndani badala ya kuongeza mwisho. Vingi vilisalimu amri: zamani "help" ilikuwa "holp", leo ni "helped". "Went" yenyewe ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", ikahamia kwa "go". Vilivyobaki ni vile vilivyo midomoni kila siku. Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, kama be, have, do, say, go na see, vyote si vya kawaida. Neno lisilotajwa mara kwa mara husahauliwa umbo lake, likafuata kanuni. Na kitenzi kipya huanza na "-ed" moja kwa moja, kama "texted".

Kwa hivyo dawa ni kuvitumia. Orodha ya kukariri peke yake haitoshi. Nilimwambia mpwa wangu aandike vitano kwa siku, vya ukoo mmoja, kila kimoja kwa maumbo yake matatu, kisha atunge sentensi ya mambo yake mwenyewe: "We drank tea. Mum bought sugar."

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto akisema "goed" au "teached", msimcheke. Ameshaifahamu kanuni, na hiyo ndiyo kazi kubwa. Mpeni neno lililo sawa, aendelee kusema. Anayenyamaza kwa haya hatajifunza.

Siku ya kuondoka, mama jirani aliita tena, "Kuja ukule!" Safari hii mpwa wangu hakucheka. Aliondoka mbio, na aliporudi akafungua daftari akaandika: "She called me. I went. I ate."

Sentensi tatu, kosa hakuna.